Meno Matatu ya Ziada

Injini ya pikipiki ilikuwa imeshawaka, na tairi la mbele limeshatoka nje ya geti, mkewe alipokuja mbio na miwani mkononi.

"Baba Pacha! Macho yako haya!"

Hamsini alikanyaga breki lakini hakuzima. Ilibidi avue kofia ngumu, avae miwani, kisha aivae tena kofia huku mikono ya miwani ikimkata nyuma ya masikio. Shughuli hiyo alikuwa nayo kila asubuhi kwa mwezi wa pili sasa, na kila asubuhi ilimkera upya. Mtu wa miaka arobaini na mbili kuvishwa macho getini, majirani wanatazama.

"Barua umeichukua?"

"Ninayo."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ninachokiona. Mshale wangu wa mwendo haujavuka hamsini tangu nisaini kazi ile. Hicho kidude chao ndicho kinachosema uongo." Alipiga gia. "Na leo nitawaambia mbele ya watu."

Akaondoka. Jina la Hamsini alipewa na madereva wenzake, na halikuwa la sifa. Alibeba damu na vipimo vya maabara kutoka zahanati za pembeni kwenda hospitali kubwa, na sheria ya kazi ilisema kilomita hamsini kwa saa, basi. Wenzake waliisikia sheria wakaisahau. Yeye aliishika kama dawa ya kumezwa kwa saa. Mshale ukigusa hamsini na moja, alilegeza mkono. Wauza mkaa kwa baiskeli walimpita kwenye mteremko wakimpungia.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa na barua tatu za onyo kwa mwendo wa kasi, katika wiki mbili.

Mkewe alisimama getini mpaka mlio ukapotea, kisha akarudi ndani haraka, akapanda kitanda na kushusha kopo la vifungo kutoka juu ya kabati. Alichakura kwa kidole. Akatoa kitu kidogo cheusi cha plastiki, kikubwa kama kizibo cha chupa, chenye meno kuzunguka ukingo, mawili yamevunjika. Akakifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwani.

"Unatafuta kifungo?" Mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage, na hakuinua uso.

"Ndiyo, mama."

"Cha plastiki, chenye meno. Nami nilikiona. Nikasema koti la aina gani hili." Alitupa jiwe nje. "Na goti lako limeshapona?"

Mama Pacha alirudisha kopo juu ya kabati. Goti lilikuwa limepona zamani. Aliliumiza miezi mitano iliyopita, siku mumewe alipolala na homa, alipoitoa pikipiki kimyakimya, kwa mara ya nne, kwenda kujifunza uwanja wa shule. Aliweza kuondoka, aliweza kubadili gia, aliweza hata kukata kona. Kusimama kwenye mchanga ndiko kulikomshinda. Pikipiki ilimlalia, gurudumu la mbele likapiga jiwe, na waya wa spidomita ukang'oka pamoja na kile kijigia cha plastiki kinachouzungusha, katikati ya gurudumu.

Fundi alikuwa na kijigia kimoja tu dukani, alichokitoa kwenye skuta iliyogongwa. "Kitaingia," alisema, "ila hiki ni cha tairi dogo. Mshale utapanda, lakini utasoma chini ya mwendo wenyewe. Mwambie mzee asiuamini mpaka nipate cha saizi yake."

Mama Pacha alisema atamwambia. Hakumwambia. Hamsini alikuwa ameshatangaza mezani, mama yake akiwapo, kwamba siku mwanamke wa nyumba hii atakapoigusa pikipiki ile, ataiuza kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu.

"Mama," alisema sasa, "ulijua siku zote?"

"Mimi nimekaa tu kwenye kigoda. Anayekaa kwenye kigoda huona magoti."

*

Ofisi ya usafirishaji ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maabara, chenye friji mbili na meza moja. Msimamizi alikuwa mama wa makamo aliyefunga penseli yake kwa kamba kwenye mguu wa meza kwa sababu kalamu sita zilikuwa zimetembea. Madereva walimwita Mama Penseli, naye alijua.

Madereva wanne walikuwa kwenye benchi wakingoja masanduku ya baridi.

"Mbio za mwaka huu zimepata bingwa," alisema mmoja. "Hamsini, tupe siri. Unakula nini?"

"Mwache," akasema mwingine. "Amevaa miwani ya upepo."

Hamsini aliwapita. Aliweka barua mezani na kuinyoosha kwa viganja viwili.

"Mama, mimi nataka kidude kipimwe."

Kidude chenyewe kilikuwa kijisanduku kilichofungwa chini ya kiti cha kila pikipiki wiki mbili zilizopita. Kilitazama mahali ulipo na mwendo wako, kikatuma habari ofisini. Madereva walikiita Mpelelezi.

"Kimepimwa," alisema msimamizi. "Jumatatu hamsini na saba. Jumanne hamsini na nane. Jana hamsini na nane, mahali palepale, kwenye shule."

"Jana kwenye shule nilikuwa hamsini. Niliutazama mshale."

"Ulitakiwa kutazama watoto."

Benchi likacheka. Hamsini alihisi joto likipanda shingoni mpaka kwenye mikono ya miwani.

"Nimefanya kazi hapa miaka mitatu," alisema. "Nimewahi kuvunja chupa hata moja? Nimewahi kumwaga? Waulize hawa. Wananitukana jina kwa sababu ya mwendo wangu wa taratibu, leo unaniambia mimi ni mtu wa mbio?"

Mama Penseli aliivuta barua upande wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi ukutani yenye masharti matatu, na wakubwa waliokuja kila mwisho wa mwezi kuuliza kama masharti yanafuatwa. La kwanza, mwendo usizidi hamsini. La pili, sanduku lisifunguliwe njiani. La tatu, pikipiki iendeshwe na aliyesaini mkataba peke yake, asiguse mwingine.

"Barua ya tatu ndiyo ya mwisho," alisema. "Lakini leo sanduku lako nitampa mwenzako, na wewe nakupa mpaka saa kumi alasiri. Niletee kitu cha kushika mkononi. Maneno ninayo tele."

Mwenzake alilichukua sanduku mbele yake. Alilichukua kwa adabu, kwa mikono miwili, na hilo ndilo lililomuuma Hamsini kuliko kicheko.

*

Alirudi nyumbani kabla ya saa tano, akaingia bila kuvua kofia.

"Twende. Chukua simu yenye saa ya kuhesabu."

"Wapi?"

"Barabara kuu. Kuna mawe ya kilomita. Mimi nitashika hamsini, wewe utapima kutoka jiwe mpaka jiwe. Hamsini ni sekunde sabini na mbili kila kilomita. Nimepiga hesabu njiani. Zikitoka sabini na mbili, Mpelelezi ameumbuka."

Mama Pacha alijifunga kitambaa upya, akibana pindo lenye fundo. Mama mkwe aliacha maharage.

"Mshike vizuri," alimwambia mkwewe. "Na mdomo usiuache nyumbani."

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Hamsini aliendesha akiwa ameinamia saa ya mwendo, na nyuma yake mkewe alitazama bega lake na mawe yakija. Alijua jibu kabla ya swali, na hilo lilimfanya aone kila kitu mara mbili: mbuzi, kibanda cha vocha, mwanamke anayefagia mbele ya kanisa. Kila kitu kilikuja upesi. Upesi huu mumewe alikuwa ameusemea miezi mitatu mfululizo. Kona zinakuja upesi, Mama Pacha. Jana nusura nimguse mzee mmoja, nilikuwa hamsini tu lakini breki ilichelewa. Nafikiri ni macho. Nafikiri ndiyo uzee unaanza. Akaenda kupimwa macho, mwenye duka akamwuzia miwani.

"Jiwe!" alipiga kelele Hamsini. "Sasa!"

Alibonyeza. Upepo ukamjaza masikio. Jiwe la pili likaja.

"Sasa!"

Walisimama pembeni. Akamwonyesha simu.

"Sitini na mbili? Ulichelewa kubonyeza la kwanza."

"Sikuchelewa."

"Tunarudia."

Walirudia. Sitini na tatu. Wakarudia tena, upande wa pili wa barabara, ili upepo usiwe kisingizio. Sitini na mbili. Hamsini aliivua kofia, akaiweka kwenye kioo cha pembeni, akaanza kuandika kwa kidole juu ya vumbi la tangi. Aligawanya, akafuta kwa kiganja, akagawanya tena.

"Hamsini na nane," alisema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama Pacha, ni hamsini na nane. Kidude kinasema kweli."

Lori lilipita likawafunika vumbi. Mkewe alilisubiri lipite, kisha akafungua fundo la kitambaa na kumwekea kile kijigia kwenye kiganja.

"Hiki ndicho cha kwako. Kilivunjika. Kilichomo humo sasa ni cha skuta."

"Kilivunjika lini?"

"Ulipokuwa na homa."

"Nilipokuwa na homa pikipiki ilikuwa uani."

"Haikuwa uani. Nilikuwa nayo mimi. Nilianguka uwanja wa shule."

Hamsini aliugeuza ule mduara wa plastiki kati ya vidole. Alihesabu meno, mazima na mabovu. Mama Pacha alingoja matusi. Aliyataka, kwa kweli. Alikuwa amejiandaa kuyapokea tangu asubuhi.

"Kwa hiyo ile njia ya kupitia karakana ya mbao," alisema mumewe taratibu, "niliyowaambia watu wote kwamba imenipunguzia karibu kilomita tatu..."

"Spidomita inahesabu chini. Kilomita nazo."

"Na yule wa kituo cha mafuta, niliyemwita mwizi, kwamba pampu yake inapunja, kwa sababu lita moja ilinipa kilomita chache..."

"Baba Pacha."

"Nilimwita mwizi mbele ya mtoto wake." Alivua miwani. Aliishika kwa mkono mmoja tu, mbali kidogo na mwili. "Ulikuja nami dukani. Nilijaribu fremu tatu. Uliniambia hii ya kahawia ndiyo inanipendeza."

"Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini? Nimewahi kukupiga?"

"Hujawahi. Ulisema utaiuza kwa kilo. Na nilitaka kujua kuendesha." Sasa naye alipandisha sauti, na yule mfagiaji wa kanisani akaacha kufagia. "Siku pacha mmoja alipobadilika rangi, wewe uko safari, pikipiki ya jirani imesimama hapo na ufunguo wake, nikamkimbiza mgongoni kwa miguu mpaka zahanati. Kwa miguu, Baba Pacha! Nikasema haitatokea tena. Kwa hilo siombi radhi. La miwani naomba."

Hamsini aliikunja miwani. Kisha akasema kitu ambacho hakikuwa na uhusiano na ugomvi wao.

"Yule mzee niliyekaribia kumgonga. Alikuwa na debe la maji. Alinitazama tu."

*

Gereji ilikuwa chini ya bati moja, sakafu nyeusi kwa oili. Fundi alipowaona wote wawili pamoja alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee, mimi nilimwambia shemeji akuambie."

"Fungua," alisema Hamsini.

Gurudumu la mbele lilitoka. Fundi alichomoa kijigia kwa bisibisi, akakiweka kwenye kitambaa kando ya kile kibovu. Vilifanana kama mapacha wa nyumba ile.

"Hesabu."

Hamsini alihesabu. Kumi na mbili. Kumi na tano.

"Meno matatu," alisema fundi. "Ndiyo yote hayo. Yakizidi, waya unazunguka polepole, mshale unabaki nyuma. Na mzee, nikuambie kitu: hata spidomita ya kiwandani haikuwa inasema kweli. Hizi nyingi husoma juu kidogo makusudi. Ukiona hamsini, wewe uko arobaini na tano, au na sita. Wanaogopa lawama. Tairi likilika, inasoma juu zaidi. Hakuna iliyo sawasawa."

"Hakuna?"

"Sijaiona. Na nimefungua nyingi."

"Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa naenda arobaini na sita?"

"Kama hivyo."

Hamsini alicheka mara moja, kama mtu aliyekanyagwa. "Wale wa mkaa walikuwa na haki ya kunipungia."

Fundi alisema gia ya meno kumi na mbili itapatikana kesho. Saa ilikuwa tisa na nusu. Waliviomba vijigia vyote viwili, wakafungiwa gurudumu bila kijigia, wakaondoka. Njiani mshale ulilala kwenye sifuri, na Hamsini aliendesha akijikunja kama mtu anayetembea gizani, mara alegeze, mara aongeze, hajui.

"Unakwenda kama arobaini," mkewe alimwambia sikioni.

"Umejuaje?"

"Nasikia injini. Mimi nilijifunza bila kutazama chini. Nilikuwa naogopa kutazama chini."

*

Mama Penseli alivisogeza vijigia kwa ncha ya penseli, akasoma hesabu za mawe ya kilomita zilizoandikwa nyuma ya bahasha, akavihesabu meno yeye mwenyewe, mara mbili. Benchi lilikuwa na watu watatu. Mama Pacha alikaa mwisho wake, magoti yamebanwa.

"Sawa," alisema msimamizi. "Nimekuelewa. Ulikuwa unatazama mshale, na mshale ulikuwa mbovu. Hiki ndicho kitu cha kushika mkononi nilichokuomba."

Dereva aliyemwita bingwa asubuhi alitazama viatu vyake.

"Kimebaki kidogo tu, niandike. Nani alikifunga hiki cha skuta, na kwa nini?"

Hamsini alikuwa ameliona swali hilo likija tangu gereji. Alikuwa ameutazama ule ukuta wenye masharti kwa miaka mitatu.

"Mimi," alisema.

Hakuwa na mazoezi ya kudanganya. Alilisema neno hilo akitazama friji.

"Wewe mwenyewe." Penseli ilisimama. "Ulijua kinasoma chini?"

"Ndiyo. Hapana. Kilikuwepo hicho tu."

"Kwa sababu ikiwa ulijua, hili si kosa la mwendo tena. Hilo ni kuchezea kipimo. Nikiandika hivyo hakuna ofisi itakayokupa hata bahasha ubebe. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Haelewi," alisema Mama Pacha. Alikuwa ameshasimama. "Mama, huyu hajui kitu. Niliendesha mimi, nikaanguka mimi, nikakifungisha mimi. Yeye alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa. Amejua leo saa sita, penye jiwe la kilomita ya nane."

"Kaa chini," Hamsini alimwambia.

"Sikai. Miezi mitano nimekaa."

Friji moja ilijizima kwa kishindo, kama zinavyofanya. Msimamizi aligeuka akausoma ule ukuta, ingawa aliujua kwa moyo, kisha akaandika kwa muda mrefu, akifuta na kupuliza.

"Sharti la tatu," alisema bila kuinua uso. "Sikulitunga mimi. Kazi imeisha leo." Akavuta karatasi ya pili. "Lakini hii utaondoka nayo. Nimeandika kwamba barua tatu za mwendo zimefutwa, kipimo kilikuwa kibovu bila dereva kujua. Miaka mitatu, hakuna chupa iliyovunjika. Isome."

Hamsini alitafuta miwani mfukoni kwa mazoea. Akakumbuka. Akaisoma bila miwani, herufi zote, mpaka sahihi.

"Iko sawa," alisema.

Nje, alisimama kando ya pikipiki na kuitazama saa ya mwendo isiyosema chochote. Kisha akampa mkewe ufunguo.

"Wewe unasikia injini. Mimi sisikii."

"Barabara kuu? Bila leseni?"

"Tupite nyuma, kwenye vumbi. Na kwenye mchanga usibane breki ya mbele. Ndiyo iliyokuangusha."

"Nani alikuambia?"

"Huwaangusha wote."

*

Hamsini alikaa bila kazi ya kudumu miezi minne. Sasa anabeba mikate ya tanuri moja, alfajiri mpaka saa nne asubuhi, na mikate haina sharti la mwendo. Jina la Hamsini limebaki kwa wale wa zamani. Tanurini wanamwita Baba Pacha.

Mama Pacha alipata leseni kwa jaribio la pili. La kwanza alishindwa kusimama kwenye mchanga. Mchana pikipiki ni yake. Anapeleka sare za shule kwa mafundi cherehani na kuzirudisha.

Kwa mwenye kituo cha mafuta Hamsini alikwenda mwenyewe, akaomba radhi mbele ya mtoto wake. Mwenye kituo alisema hakumbuki. Anakumbuka.

Mama Penseli alihamishwa. Aliyekuja baada yake ameongeza sharti la nne, kwamba spidomita zikaguliwe kila miezi sita, na hakuna anayezikagua.

Miwani ya kahawia anayo mama mkwe. Anaitumia kuchambulia maharage, na anasema inamfaa sana.

Kijigia cha meno kumi na tano kimo kwenye kopo la vifungo. Pikipiki ilifungiwa cha meno kumi na mbili. Ikionyesha hamsini inakwenda arobaini na sita. Kutoka zahanati ya mwisho mpaka hospitali kubwa ni kilomita kumi na nne. Kupitia karakana ya mbao, ile njia yake ya mkato, ni kumi na nne na nusu.